Panka la volti 12 halitaipandisha Probox mlimani

Kijana mmoja wa Wete ameniandikia hivi: "Assalaam alaykum Maalim. Nina Toyota Probox, injini 1NZ ya 1,500cc, gia otomatiki. Nabebea abiria, na msimu wa karafuu nachukua magunia kutoka mashamba ya upande wa Konde. Tangu mwaka jana gari imechoka. Ikiwa na mzigo, mlimani inanguruma tu lakini haiendi, na mafuta inakula kuliko zamani. Mtandaoni nimeona supachaja ya umeme ya volti 12, yaani panka la kupulizia hewa kwenye injini, shilingi 180,000 mpaka kunifikia. Inafungwa kwenye bomba la hewa na wanasema inaongeza nguvu asilimia 30. Fundi wangu ananambia kuifunga ni kazi ya nusu saa. Je, kweli inafanya kazi, au nitazitupa pesa zangu?"

Wa alaykum salaam, kijana wangu. Usiinunue. Pesa hizo ziweke, kwani gari yako ina ugonjwa ambao kitu hicho hakiugusi, na nitaufikia huko mbele. Lakini sitaki uniamini kwa maneno matupu, maana anayekuuzia naye anataka umwamini kwa maneno matupu. Tukae tuhesabu.

Injini ya petroli, kabla ya kuwa kitu chochote kingine, ni pampu ya hewa. Petroli haiwaki peke yake. Kila gramu moja inataka gramu 14 na ushei za hewa. Kuongeza petroli si taabu, nozeli inayopuliza petroli hufunguka muda mrefu kidogo na kazi imekwisha. Kazi iko kwenye hewa. Pistoni ikishuka inaacha nafasi, na hewa ya nje inaingia kwa kusukumwa na uzito wa anga tu. Hapa kwetu usawa wa bahari uzito huo ni takriban baa moja, baa ikiwa ni kipimo cha shinikizo, na wewe wa Pemba hapo una bahati: Probox kama yako ikiwa Mbeya, mita 1,700 juu ya bahari, inakosa karibu asilimia 18 ya hewa unayoipata wewe Wete. Unyevu wa kwetu hupunguza kidogo, kwa sababu mvuke wa maji unachukua nafasi ya hewa, lakini hata siku ya joto na unyevu mkali ni kama sehemu tatu katika mia.

Sasa ukitaka silinda zile zile zitoe nguvu zaidi, lazima hewa ishindiliwe ndani kupita ile baa moja. Hiyo ndiyo kazi ya supachaja, na ni jambo la kweli kabisa. Mwaka 1986 Toyota waliiweka kwenye MR2 yenye injini ya 4A-GZE, 1,600cc, kompresa ikizungushwa kwa mkanda kutoka kwenye injini yenyewe. Turbo inafanya kazi hiyo hiyo, ila inazungushwa na moshi unaotoka kwenye ekzosi. Kwa hiyo tangazo ulilolisoma limesimama juu ya jambo la kweli, na ndiyo maana linawanasa hata watu wenye akili zao.

Tuitazame injini yako ikiwa katika mizunguko 6,000 kwa dakika, umekanyaga mafuta mpaka chini. Kila mizunguko miwili inavuta ujazo wake mara moja, lita moja na nusu. Mizunguko 6,000 ni mivuto 3,000, yaani lita 4,500 kwa dakika kama silinda zingejaa kabisa. Hazijai kabisa, basi chukua lita 3,800. Lile pipa la lita 200 unaloliona uani kwa watu likiwekewa maji, injini yako inalimaliza kwa hewa kila sekunde tatu. Na hiyo ni injini ya kawaida, inavuta yenyewe bila ya msaada wa yeyote. Kitu chochote utakachokiweka mbele ya mdomo wake kinatakiwa kwanza kipitishe hewa yote hiyo bila ya kuizuia, ndipo kizungumze habari ya kuongeza.

Tuseme unataka hizo asilimia 30 ulizoahidiwa. Hewa ikishindiliwa hupata moto na kutanuka, kwa hiyo utahitaji shinikizo la ziada la zaidi ya baa 0.4. Kuishindilia hewa ya injini yako kiasi hicho, kwa kompresa nzuri iliyotengenezwa kwa ustadi, kunataka nguvu ya wati 4,000 au zaidi. Gawa kwa volti 12: ampea zaidi ya 330. Alternata, ile mashine inayozalisha umeme wa gari, kwenye gari ndogo hutoa baina ya ampea 70 na 100, na katika hizo kuna taa, nozeli, plagi, panka la rejeta na eya kondishani. Stata yenyewe, ambayo ndiyo inayokula umeme kuliko kitu chochote ndani ya gari, hutumia ampea mia au mia mbili kwa sekunde chache tu, na bado unaona taa zinavyofifia. Mota ya ampea 330 ingetaka waya mnene kama kidole gumba, na betri yako ingekufa ndani ya dakika chache.

Halafu zitazame nyaya za kile kitu kwenye picha. Ni nyembamba kama za spika. Mapanka haya ya bei ndogo hutumia ampea 4 au 5, yaani wati 50 mpaka 60. Unajua kitu gani kingine katika gari yako kinatumia wati 60? Balbu moja ya taa kubwa ya mbele. Wanakwambia uiweke nguvu ya balbu moja ifanye kazi inayotaka balbu sitini na kitu.

Nataka nimtendee haki muuzaji, basi tumpe nafasi nzuri kuliko anayostahiki. Tuseme panka lake lina ustadi wa asilimia 50 na linaipitisha hewa yote ya injini bila ya kuizuia hata kidogo. Wati 60 zinabaki 30 za kazi halisi. Ukizigawa kwa lita 63 za hewa kila sekunde unapata ongezeko la shinikizo lisilofika nusu ya asilimia moja. Injini yako ilipokuwa mpya ilikuwa na takriban nguvu za farasi 109. Nusu ya asilimia ni nusu ya farasi mmoja. Toa humo nguvu ambayo alternata inaichukua kwenye injini ili kulilisha panka lenyewe, utabaki na kitu ambacho ukitoa tairi ya akiba na jeki ndani ya gari utapata zaidi.

Na hiyo ni nafasi nzuri ambayo panka lile halina. Mengi ya mapanka haya kwa umbo ni ndugu wa yale ya kwenye boti za petroli, yanayotoa mvuke wa mafuta chini ya boti kabla ya kuwasha injini. Kwa kazi hiyo ni mazuri sana. Yanasogeza hewa pale pasipo na kizuizi. Namba ya lita kwa dakika unayoiona kwenye tangazo imepimwa hivyo, panka likiwa wazi mezani, halisukumi chochote. Likishaanza kusukuma dhidi ya shinikizo, hata dogo, mtiririko unaporomoka. Na injini ikivuta kwa kasi kuliko panka linavyoweza kupuliza, mabawa yale hayasaidii tena. Yanakuwa kizuizi ndani ya bomba, na injini inalazimika kuvuta hewa kwa kuyapitia. Kwenye mizunguko mikubwa, ambapo ndipo unapotaka nguvu, ndipo linapokupunguzia.

Kwenye mizunguko midogo je, si litasaidia huko? Huko nako halina kazi. Unapoendesha kawaida, ule mlango wa hewa unaofunguliwa na kanyagio la mafuta uko nusu wazi. Wewe mwenyewe ndiye unayeizuia hewa. Kupuliza nyuma ya mlango ulioufunga mwenyewe hakuna maana. Ungetaka zaidi ungekanyaga zaidi.

Nimewahi kulipima jambo hili, miaka kadhaa nyuma, kwenye Vitz ya kijana mmoja wa Mwanakwerekwe aliyekwisha kufunga panka kama hilo na akaapa kwamba gari imekuwa nyepesi. Injini ilikuwa ya familia moja na yako, na ina sensa inayopima hewa inayoingia, ikisomeka kwenye mashine ya kupimia gari kwa gramu kwa sekunde. Tukatafuta barabara iliyo wazi alfajiri, akakanyaga mpaka chini mara tatu panka likiwa linazunguka, mara tatu likiwa limezimwa, na mara tatu likiwa limetolewa na bomba la asili limerudishwa. Hewa nyingi kuliko zote ilipita pale panka lilipokuwa halimo kabisa. Kijana alinyamaza kimya. Nilimwonea huruma, kwa sababu zilikuwa pesa zake za jasho.

Lakini hakuwa mwongo aliposema gari imekuwa nyepesi, na hili ni muhimu ulielewe kwa sababu utakutana na watu wengi wanaoapa kama yeye. Fundi akifunga kitu hicho kwanza anachomoa betri, na kompyuta ya gari inasahau ilichokuwa imejifunza na kuanza upya. Kwa siku mbili tatu gari inaweza kujibu tofauti. Anafungua eya klina, anaikuta imejaa vumbi, anaipuliza au anabadilisha. Hiyo peke yake inaonekana. Kisha panka lina sauti, na sikio likisikia uvumi wa hewa mguu nao unakanyaga zaidi. Ukitaka kujua ukweli wa kifaa chochote cha namna hii, mkabidhi mwenzako swichi akae nacho nyuma, akiwashe au akizime bila ya kukwambia, nawe upande mlima ule ule kwa mzigo ule ule, mukitazama saa. Mara sita zinatosha.

Supachaja za umeme za kweli zipo. Audi waliiweka moja kwenye SQ7 ya dizeli mwaka 2016. Itazame ilivyo: inatumia mpaka kilowati 7, inafika mizunguko 70,000 kwa dakika ndani ya robo sekunde, na ili iweze kulishwa ilibidi gari iwekewe mfumo wake wa pekee wa volti 48 pamoja na betri yake. Kwa volti 12 ingetaka ampea karibu 580. Na bado haifanyi kazi peke yake. Injini ile ina turbo mbili, na hiyo ya umeme inazisaidia kwa muda mfupi tu gari inapoondoka, kabla moshi haujapata nguvu ya kuzizungusha. Wahandisi wenye fedha na maabara walihitaji yote hayo. Anayekwambia amelipata jambo lile lile kwa volti 12 na waya wa spika, anakudanganya.

Kuna madhara pia, si hasara ya pesa pekee. Likifungwa baada ya eya klina, bawa la plastiki likivunjika hakuna kitakacholizuia kuelekea kwenye injini. Waya likivutwa moja kwa moja kutoka betri bila ya fyuzi, nimeona mwenyewe mahali pamoja pakiungua. Na lau kama lingekuwa na nguvu kweli, ingekuwa hatari zaidi: injini yako ina kompresheni, yaani kiasi cha hewa kubanwa ndani ya silinda, ya 10.5 kwa moja, imepangwa kwa hewa inayoingia yenyewe. Toyota walipoweka supachaja kwenye ile 4A-GZE ya kwanza waliishusha kompresheni mpaka 8 kwa moja, kwa sababu hewa ya kushindiliwa juu ya kompresheni kubwa hufanya petroli ilipuke kabla ya wakati wake, injini igonge, na pistoni zitoboke.

Basi tuje kwenye gari yako, maana hapa ndipo moyo wangu ulipo.

Chukua Probox yenye uzito wa kilo elfu moja na kidogo, weka mzigo wa kilo 400 pamoja na wewe, ipandishe mlima unaoinuka mita 8 kwa kila mita 100, kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa. Huo ni mlima mkali. Nguvu ya kuinyanyua ni kama farasi 25. Ongeza msuguano wa matairi na upepo, kisha kinachopotea kwenye gia, na jumla haizidi farasi 40. Wewe una injini ya farasi 109. Hata ikiwa imezeeka na kupoteza robo, inatakiwa iupande mlima huo bila ya kulalamika, mradi gia ishuke na injini iachiwe izunguke. Kwa hiyo huna upungufu wa supachaja. Kuna farasi wanaopotea mahali, au wapo lakini hawafiki kwenye matairi, na kwa kuwa mafuta nayo yameongezeka, wanalishwa bure.

Swali langu la kwanza: themostati, ile valvu inayoyazuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate joto lake, imo? Fungua uangalie, usimuulize mtu. Mafundi wetu wana mazoea ya kuitoa gari ikichemka mara moja, wakisema huku kwetu ni joto, haina kazi. Naomba uyakatae maneno hayo kila utakapoyasikia. Ikitolewa, maji yanazunguka moja kwa moja na injini haifiki joto lake, hasa ukiteremka mlima au ukienda barabara iliyo wazi. Kompyuta inasoma injini ni baridi, kama ndiyo kwanza imewashwa asubuhi, basi inaongeza petroli. Gia otomatiki nazo, injini ikiwa baridi, zinazuiwa kuingia gia ya juu. Mafuta yanaliwa, oili inachafuka, plagi zinapata masizi. Kwenye mashine ya kupimia, gari ikiwa njiani kwa nusu saa, joto la maji linatakiwa lisimame kati ya nyuzi 80 na kitu na 95. Likiwa 60 au 65, umeshampata mwizi wako wa kwanza, na themostati mpya ni rahisi mno kuliko lile panka. Kama waliitoa kwa sababu gari ilikuwa inachemka, basi sababu ya kuchemka nayo itafutwe: rejeta, panka lake, au kifuniko.

La pili ni mbio ya bure, yaani gari kubingirika bila ya kushikwa na breki. Ukitoka safari, kabla ya breki kupoa, zisogelee rimu moja moja kwa nyuma ya mkono. Chumvi ya kwetu inakamatisha pini za kalipa ya breki, pedi haziachii, na gari inakwenda huku imeshikwa. Rimu moja ikiwa ya moto kuliko wenzake unajua pa kuanzia. Upepo wa matairi upime pia ikiwa na mzigo, maana nyingi za gari za biashara nazozipima ziko chini.

Halafu kaa ndani, injini imezimwa, mwenzako afungue bomba baada ya eya klina, wewe kanyaga mafuta mpaka mwisho. Je, ule mlango wa hewa unafunguka wote? Nimekuta gari zaidi ya moja ambazo zulia nene chini ya kanyagio lilikuwa linazuia robo ya mwisho. Kama haufunguki wote, gia otomatiki nayo haishuki mlimani kwa sababu inaona hukukanyaga. Wakati bomba limefunguliwa, itazame eya klina. Kwa vumbi jekundu la njia za mashambani, haifiki mbali. Sensa ya hewa nayo isafishwe kwa dawa yake ya kupuliza, isiguswe kwa kitambaa. Plagi zitolewe zote nne uzipange mezani kwa mpangilio wake, kisha uzione rangi.

Yakiwa hayo yote ni salama, itazame kataliti, kile chombo cha kusafishia moshi kwenye ekzosi. Gari iliyokula oili kwa miaka huiziba pole pole, na dalili yake ni hiyo hiyo uliyoniandikia: injini inanguruma, haiendi, na ukikanyaga zaidi haibadiliki, kwa sababu moshi hauna pa kutokea na hewa mpya haina pa kuingia. Fundi alegeze muungano wa ekzosi kabla ya kataliti, uende mwendo mfupi wa majaribio. Kelele itakuwa kubwa, lakini gari ikikimbia umejua. Oili ya gia nayo, kama haijabadilishwa tangu uinunue, ni zamu yake.

La mwisho, na ningependa ulifanye hata kama la kwanza litaonekana kuwa ndiyo jibu, ni kupima kompresheni. Injini iwe ya moto, plagi zote zitolewe, nozeli zikatwe umeme, mafuta ukanyage mpaka mwisho, stata ipigwe mpaka mshale usimame. Kwa 1NZ, silinda nzima inasoma karibu kilo 15 kwa kila sentimita ya mraba, na chini ya kilo 11 ni mbovu. Baina ya silinda na silinda tofauti isizidi kilo moja. Ikiwa ni ndogo, tia kijiko cha oili kwenye tundu la plagi upime tena: ikipanda, ringi zimekwisha, ikibaki pale pale, ni valvu.

Kipimo hicho gereji yoyote nzuri ya Wete au Chake inacho. Ukishapima niandikie namba za silinda zote nne, joto la maji ulilolisoma gari ikiwa njiani, na kama themostati umeikuta au hukuikuta.